Kadi Thelathini za Mzee Ipo

Ukitaka kumkasirisha Mzee Ipo, mwambie hana. Mwambie jambo jingine lolote, kwamba duka lake limejaa vumbi, kwamba mizani yake imechoka, kwamba shati hilo alilivaa jana na juzi, atacheka na wewe. Ila usimwambie hana kitu. Ndiyo maana watu wa mtaa walimpa jina hilo. Uliza bawaba, uliza kitasa, uliza gundi ya mabomba, jibu lilikuwa limeshatoka kabla hujafunga mdomo: "Ipo." Na kama haipo, ilikuwa bado "Ipo." Alikuwa anakukalisha kwenye kigoda, anakupa gazeti la wiki iliyopita, kisha anachomoka kwa mlango wa nyuma na kukimbilia duka la mpinzani wake ng'ambo ya uchochoro. Huko alikinunua kile kitu kwa bei ileile atakayokuuzia wewe, akarudi anahema na kukuambia kilikuwa kimejificha stoo.

Biashara gani hiyo? Mkewe aliuliza mpaka akachoka. Rafu za duka zilikuwa na kila kitu, lakini kimoja kimoja. Koki ya kila umbo, moja. Kitasa cha kila aina, kimoja. Fundi mwenye nyumba ya vyumba vinne akitaka vitasa vinne vinavyofanana, alipewa vinne visivyojuana, pamoja na maneno matamu. Katikati ya njia kulikuwa na mashine kubwa ya kukatia marumaru ambayo hakuna aliyewahi kuinunua wala kuiazima, na kila aliyeingia aliiruka. Mzee Ipo mwenyewe aliiruka mara nyingi mpaka mguu wake ulikuwa unanyanyuka wenyewe.

Juu ya mlango palikuwa na kibao cha maandishi ya kijani: BABA NA BINTI, VIFAA VYA UJENZI. Baba alikuwepo. Tatizo lilikuwa binti.

Binti huyo, mtoto wao pekee, alikuwa amesomea kupiga watu picha za eksirei. Siku aliyorudi kutoka chuoni alishuka na begi lake mbele ya duka, akainua macho, akakuta kibao kipya, rangi yake haijakauka sawasawa. Alikisoma mara ya kwanza, akakisoma tena.

"Baba," alisema, "huyu binti ni nani?"

"Kwani mimi nina binti mwingine?"

"Na nani alimwuliza?"

Mzee Ipo alidhani ni mzaha. Hakuwa ameuliza mtu. Ungemwuliza nani kuhusu kitu kizuri namna ile? Lakini msichana alikuwa ameshapata kazi kwenye hospitali ya mji mwingine, na wiki haikuisha akawa ameondoka. Hawakutupiana maneno. Ingekuwa afadhali wangetupiana. Mzee Ipo alinuna tu, binti naye akanuna, na kwa kuwa wote wawili walichota ukaidi kwenye chungu kimoja, kununa kule kukawa ndiyo maisha yao.

Kibao hakikushuka. Mteja mgeni akiuliza, "Na binti yupo?" Mzee Ipo alijibu bila kufikiri, kama anavyoulizwa misumari: "Yupo." Kuna mama mmoja aliwahi kukaa kwenye kigoda asubuhi nzima akimsubiri huyo binti amshauri kuhusu vigae vya bafuni, maana hakutaka kumwuliza mwanamume. Kila alipouliza aliambiwa yupo, yupo, anakuja. Mwishowe akaondoka amefura, na vigae akavinunua ng'ambo ya uchochoro.

Simu ndiyo ilikuwa kichekesho kabisa. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana binti alipiga. "Baba, shikamoo." "Marahaba. Nakupa mama yako." Basi. Na yeye alikuwa anakaa palepale pembeni, sikio limesimama, anamnong'oneza mkewe: mwulize amekula, mwulize kama ile nyumba ina dirisha la kufungika. Mkewe anauliza. Jibu linakuja, yeye analisikia vizuri, na bado anasubiri aambiwe.

Sasa ikatokea dada wa mkewe akaanguka, akavunjika nyonga, na mkewe akalazimika kwenda kumwuguza. Asubuhi ya safari, begi likiwa mlangoni, alimgeukia mumewe.

"Likizo ya mwanao imekaribia," alisema. "Ameniambia haji."

"Kwa nini haji?"

"Mwulize. Mdomo unao, simu unayo. Anasema akija unamwangalia kama bidhaa iliyorudishwa dukani. Mimi nimechoka, mzee. Nimechoka kuwa kipaza sauti chenu. Huyu mwambie yule, yule mwambie huyu, na wote mnasikilizana! Nikirudi nikute mmeongea. Kama hamtaongea sasa nisipokuwepo, hamtaongea tena, na huyo mtoto tutakuwa tunamwona kwenye picha."

Mzee Ipo alibeba begi mpaka kituoni. Maneno ya mkewe yalikuwa yamemwingia, ila angekufa kuliko kukubali.

Jumapili ikafika, simu ikalia dukani.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Nakupa ma..." Alikuwa ameshainyoosha ile simu kuelekea kiti cha mkewe. Kiti kilikuwa kitupu. Akairudisha sikioni taratibu.

Aliuliza kama huko kuna mvua. Hakuna. Na huku hakuna. Aliuliza kama amekula. Amekula. Jasho lilikuwa linamtoka mtu mzima ambaye mchana kutwa anaweza kuongea na wapiga rangi na madereva wa malori asikauke mate. Ndipo akasikia kwenye simu ngoma zinapigwa, kisha kishindo, kisha binti yake akinong'ona, "Afadhali."

"Nini hicho?"

"Mchezo, Baba. Wa kadi. Nacheza kwenye simu ya pili."

"Karata?"

"Siyo karata hizo. Hizi kila mtu anajichagulia zake, anapanga pakiti yake, halafu mnapambana."

Alikuwa na nafasi ya kusema haya, kwaheri. Badala yake, akasikia mdomo wake ukisema, "Nifundishe."

"Wewe?" aliuliza binti.

"Kwani mimi nina nini?"

Basi akaelekezwa jinsi ya kuuweka mchezo kwenye simu yake kubwa ya kupangusa, ile aliyokuwa akiitumia kama tochi tu. Simu ndogo ya vibonye aliilaza juu ya kaunta karibu na mizani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na binti yake akawa anaongea kutoka pale kama mtu aliyefungiwa ndani ya kopo.

"Sikiliza, Baba. Pakiti ni kadi thelathini. Hapo umepewa kama mia za bure, chagua humo. Unaona namba kwenye kona ya kila kadi? Hiyo ni nguvu unayohitaji kuitoa. Zamu ya kwanza una nguvu moja, ya pili mbili, inaongezeka hivyo hivyo. Kila mtu ana boma lake. La kwako likibomoka kabla ya la mwenzio, umekwisha. Na kadi moja unaweza kuiweka mara mbili."

"Mara mbili ya nini, kama ninayo tayari?"

"Utaelewa. Panga kwanza."

Mzee Ipo alipanga. Alipanga jioni ile na kesho yake na kesho kutwa, akiwapimia wateja misumari kwa mkono mmoja. Alichagua kwa njia aliyoijua. Kadi moja ya kila aina, asije akakosa. Ndege mwenye vichwa vitatu, mmoja. Fahali wa chuma, mmoja. Bibi mwenye taa, mmoja. Kadi za namba ndogo alizipita kwa dharau. Nani anataka vitu vya rejareja wakati vya jumla vipo? Na juu ya zote akaweka jitu lililobeba nyumba mgongoni, namba kumi kwenye kona, moshi unatoka kwenye bomba la paa. Alilipenda sana lile jitu. Alilipenda hasa bomba lake. Kwa macho tu alikadiria ni la inchi nne.

Jumapili iliyofuata walicheza. Yaani binti alicheza. Yeye aliona cha mtema kuni.

"Umetoa nini?" aliuliza binti kwenye simu ndogo.

"Bado."

"Baba, hii ni zamu ya nne. Mkononi una nini?"

"Vitu vizuri sana."

"Vya namba ngapi?"

"Nane. Tisa. Saba. Na jitu langu."

Simu ilitoa mlio wa mtu anayejipiga kofi la paji la uso. "Hizo zote unamsubirishia nani? Nimeshakubomoa nusu ya boma!"

"Ningoje basi nifike kumi."

"Hakuna kungojana!"

Boma likaanguka kwa ngoma na vumbi. Walirudia, likaanguka tena. Walirudia mara nyingine, na Mzee Ipo akasema mtandao unamwonea, kwamba simu ya binti yake ni ya kisasa zaidi, kwamba kadi hazikuchanganywa vizuri. Binti akamwambia mtandao hauna kosa lolote, pakiti yake ndiyo mbovu. Akajaribu tena kumweleza, kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia kwa wagonjwa na wazazi.

"Anza na kadi ndogo, Baba. Unazitoa mapema, zinashika uwanja. Na zichague zinazosaidiana, si kila kitu. Kwa pakiti ya mtu anayeanza, wadudu ndio wazuri. Nyuki, siafu, mchwa. Wakiwa wengi wanaongezeana nguvu. Weka mchwa wawili, siafu wawili..."

"Mchwa?"

"Ndiyo, mchwa."

"Mimi nauza mbao," alisema Mzee Ipo, na mishipa ya shingo ikamsimama. "Nauza dawa ya mchwa. Makopo yale pale. Miaka yote nawaambia watu mchwa ni adui wa nyumba, leo wewe unaniambia niwafuge? Wawili wawili?"

"Ni picha, Baba!"

"Hata picha."

Aliondoa kadi moja tu ili asionekane mkaidi, akaweka badala yake mamba wa namba tisa. Unaweza kucheka, lakini mweke binti huyo mbele yako kidogo: siku yake moja ya mapumziko, chakula kinapoa, anamfundisha mtu mzima kitu kilekile kwa mara ya sita, na mtu mzima anamjibu, "Nimekuelewa," kisha anafanya vilevile. Walipocheza tena na boma likaanguka tena, Mzee Ipo alishusha pumzi na kusema kwa masikitiko, "Lakini pakiti yenyewe ina kila kitu."

Hapo binti akapasuka.

"Ndiyo shida yako! Kila kitu lazima kiwepo! Kinafaa, hakifai, lazima kiwepo, ili mtu asije akakuambia huna! Umewahi hata siku moja kumwuliza mtu anataka nini?"

"Unazungumzia kadi?"

"Nazungumzia kadi!" alisema binti, na akakata simu.

Mzee Ipo alibaki ameshika tama mbele ya mizani. Masikio yalikuwa ya moto. Alitaka kukasirika na akakasirika kweli, ila hasira yenyewe ilikuwa na kitu kingine ndani yake ambacho hakukipenda, akaenda kupanga upya makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangika.

Mkewe alipiga katikati ya wiki. "Mmeongea?"

"Tumegombana."

"Kuhusu kibao?"

"Kuhusu mchwa."

Alimweleza, akitegemea kuhurumiwa. Mkewe alicheka mpaka mgonjwa wake akasikika nyuma akiuliza kuna nini. "Kumbe mnaweza kugombana," alisema alipopata pumzi. "Miaka yote hamjarushiana hata neno, mnarushiana mimi tu. Endelea hivyo hivyo."

"Na likizo?"

Kicheko kikakatika. "Jana nimemwuliza tena. Bado anasema haji."

Jumapili ikaja na simu haikulia. Mzee Ipo aliisogeza ile ndogo karibu na mizani, akaipangusa, akaangalia kama ina chaji. Ilikuwa imejaa. Akala chakula chake palepale kwenye kaunta macho yakiwa kwenye kioo kidogo cha simu. Hakuna. Akaanza kuelewa kwamba mchezo ule wa wendawazimu, pamoja na kelele zake zote, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza binti yake kumwambia jambo lisilokuwa shikamoo tangu kibao kilipopanda. Naye alikuwa amelipoteza kwa ajili ya jitu.

Akiwa katika hali hiyo akaingia fundi bomba, mteja wa siku zote, akairuka mashine ya marumaru, akaomba viungo vinne vya kona vya nusu inchi.

"Ipo," alisema Mzee Ipo bila nguvu, akaweka kwenye kaunta kiungo kimoja cha plastiki, kimoja cha chuma, kimoja cheupe cha robo tatu na kimoja ambacho hata yeye hakukijua.

Fundi bomba aliviangalia kwa muda. Ni mtu mpole, lakini siku ile alikuwa ameacha maji yanamwagika kwenye jiko la watu.

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini kila nikija nataka hiki hiki, na kila nikija unacho kimoja. Hii mashine yako nairuka tangu najifunza ufundi. Kila mtu anairuka. Kwa nini usiitoe ukaweka vitu tunavyotumia?"

"Siku akija mtu anayeitaka?"

"Nani?" alisema fundi bomba. "Nani huyo? Mtaje!"

Akachukua kimoja alichokitaka na kuondoka kukimbizana na maji yake. Mzee Ipo alibaki anatweta. Sasa hata mafundi bomba! Kila mtu ameamka na ushauri! Akaishika simu kubwa kwa hasira, akaufungua mchezo, na kwa kuwakomoa wote, binti na fundi na mke anayecheka simuni, akaanza kufuta. Wanataka wadudu? Haya, wadudu. Ndege wa vichwa vitatu, toka. Mamba, toka. Fahali, toka. Mchwa wawili. Siafu wawili. Nyuki wawili. Malkia wa mchwa, wawili, akiwaweka shingo upande, midomo imembinuka. Wataona wenyewe upuuzi wao. Akapanga kucheza na mashine ya mchezo, ile isiyo na mtu nyuma yake, ili ushahidi wa upuuzi upatikane haraka.

Zamu ya kwanza akatoa mchwa. Ya pili akatoa mwingine na wa kwanza akavimba. Siafu wakaingia, wote wakavimba. Hakuwahi kuona uwanja wake ukiwa na watu. Boma la mashine likaporomoka kabla hajafika hata nguvu ya saba, na ngoma zikapigwa, mara hii kwa ajili yake.

Ushindi ule ulimuudhi kuliko vipigo vyote. Akacheza tena, akashinda tena. Akaiweka simu chini, akaangalia makopo ya dawa ya mchwa kwenye rafu kama mtu aliyesalitiwa.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya hata mara moja. Akaichukua simu ndogo, akatafuta namba ya binti yake, akapiga yeye. Ililia mpaka akataka kukata.

"Baba? Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima. Wote wazima."

"Sasa?"

"Nimeshinda."

"Umeshinda nini?"

Alijikaza kisabuni. "Kwa hao mchwa wako."

Binti akacheka. Hakikuwa kicheko cha adabu kile cha kumaliza simu. Kilikuwa kile cha utotoni, chenye kukoroma mwishoni. Mzee Ipo alikuwa amekisahau kabisa, akajifanya anakohoa vumbi.

"Nisomee pakiti," alisema binti. "Tuione."

Akamsomea. Binti alikuwa anaitikia, sawa, sawa, hiyo nzuri, hiyo itakusaidia ukiishiwa. Mara akamsimamisha. "Umehesabu? Hizo ni thelathini na moja. Mchezo hautakubali."

"Nilicheza na mashine ikakubali."

"Basi kuna moja umeiongeza baadaye, imekaa pembeni inasubiri. Ipi hiyo?"

Mzee Ipo aliijua vizuri. Alikuwa ameirudisha mwenyewe baada ya ushindi wa pili, kimyakimya, akitumaini haitaonekana.

"Ni lile jitu," alisema.

"Baba."

"Moja tu! Wengine wote nimewatoa. Nimeweka mpaka mchwa!"

"Hujawahi kulicheza. Hata mara moja. Kila mchezo linakaa tu mkononi linaziba nafasi, na wewe unalisubiri."

"Ni zuri."

"Ni zuri," alikubali binti, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ila ilikuwa imechoka. "Sijasema ni baya. Nasema halitakuja kuchezwa."

Mzee Ipo aliangalia kile kijumba mgongoni, mlango, dirisha, bomba la inchi nne. Kidole kilikuwa juu ya kioo na hakikushuka.

Ndipo akaingia mama mmoja mgeni, futi ya kupimia imening'inia shingoni, akaruka mashine na kusalimu. Anajenga, alisema, anatafuta koki ya jikoni, ile ya shingo ndefu.

"I..." alianza Mzee Ipo, ingawa ile moja aliyokuwa nayo alishaiuza, na mwili wake ukawa umeshageukia mlango wa nyuma, mguu wa kwanza umenyanyuka. Lakini kwenye kaunta simu ndogo ilikuwa wazi na binti yake alikuwa ndani yake anangoja. Angekimbia angemwacha hapo anaongea na mizani. Mguu ukarudi chini.

"Hakuna," alisema.

Neno lilitoka na kutu. Alimeza mate, akaendelea. "Vuka huo uchochoro, mlango wa bluu. Yeye anazo."

Mama akamshukuru kwa uungwana ule. Akafika mlangoni, akainua macho kwenye kibao, akageuka.

"Na huyu binti? Mwenzangu aliniambia kuna binti hapa wa kuulizwa mambo ya nyumba, kila siku wanasema yupo. Yupo leo?"

Kwenye simu hapakusikika hata pumzi.

Ilikuwa rahisi sana. Neno lenyewe fupi, limezoea njia, lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Mzee Ipo aliiangalia ile simu ndogo. Kisha akamwangalia yule mama kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyepandisha kibao kile.

"Hayupo," alisema. "Hajawahi kuwepo. Ana kazi yake mji mwingine, anawapiga watu picha za mifupa, na wanasema ni hodari. Hilo neno 'binti' pale juu niliandikisha mimi bila kumwuliza. Koki ni mlango wa bluu, mama."

Mama akaona ameuliza zaidi ya alichotaka kujua, akaaga, akatoka. Mzee Ipo alisimama mikono juu ya kaunta, anajisikia amevuliwa shati mbele ya watu, na hakuna aliyekuwepo.

"Baba," simu ikasema.

"Naam."

"Bado ni thelathini na moja. Litoe hilo jitu."

"Nimeshalitoa."

Hakusema lini. Binti naye hakuuliza. Alisikika tu akipenga kamasi, kisha akisogeza kiti, kisha ngoma za mchezo zikaanza upande wake, na sekunde chache baadaye zikaanza kwenye simu ya Mzee Ipo. Alitoa mchwa wake wa kwanza. Naye binti akatoa mlinzi wa lango. Walicheza zamu mbili tatu bila maneno, na kwa mara ya kwanza boma la mzee lilikuwa limesimama lote.

"Likizo yangu inaanza mwisho wa mwezi," alisema binti, kwa haraka, kama mtu anayetaja kitu kidogo. "Mwambie Mama nitakuja."

"Mwambie mwenyewe!" Mzee Ipo alifoka mpaka mizani ikatikisika. "Mimi si kipaza sauti cha mtu. Mama yako ana simu. Cha kwangu uniambie mimi."

Alidhani ameharibu tena.

"Haya," alisema binti. "Baba, nakuja."

Mzee Ipo akapangusa kioo cha simu kwa mkono wa shati lile la juzi, ingawa kioo hakikuwa na vumbi.

"Nimekusikia," alisema. "Sasa cheza. Zamu yako inaisha."